Maelezo juu ya Lugha ya Lawama: Watazamaji wa "Skam" na Msimu wa Mwisho

Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi watazamaji wa tamthilia moja ya vijana walivyoupokea msimu wake wa mwisho, na hasa maneno waliyoyatumia katika kuupokea. Tamthilia hiyo yaitwa "Skam". Ilitungwa kwa Kinorwei, ikaonyeshwa na NRK, yaani shirika la utangazaji la umma la nchi ya Norwei, tangu mwezi wa Septemba 2015 hata tarehe 24 Juni 2017. Msomaji aweza kuuliza: mambo ya wanafunzi wa Oslo yanalihusu nini jarida la Kiswahili? Swali hilo ni la haki. Nami najibu kwamba kulaumu, kudai, kulalama na kuaga ni matendo yatendwayo kwa lugha, na matendo hayo yalionekana wazi mno katika majuma ya mwisho ya tamthilia hii. Tena Kiswahili kina maneno ambayo, kwa maoni yangu, huyapambanua matendo hayo vizuri kuliko Kiingereza, ambacho ndicho watazamaji wengi wa nje ya Norwei walichokitumia. Mtu akiyatazama mambo yale kwa macho ya Kiswahili, huona wazi jambo ambalo wenyewe walilisema nusu nusu.

Kwanza yafaa tamthilia yenyewe ielezwe, maana umbo lake ndilo lililozaa lawama. Mtungaji na mwelekezi wake ni Julie Andem. Kabla ya kuandika, yeye na wenzake waliwahoji vijana wengi wa Norwei juu ya maisha yao, na shabaha yao hasa ilikuwa wasichana wa umri wa miaka 16. Wahusika ni wanafunzi wa Hartvig Nissen, ambayo ni shule ya kweli mjini Oslo. Misimu ni minne, na sehemu zake zote pamoja ni 43. Kila msimu una mhusika mkuu wake: wa kwanza Eva, wa pili Noora, wa tatu Isak, wa nne Sana. Kanuni ya tamthilia ni kwamba kamera humfuata mhusika mkuu peke yake. Asiloliona yeye, mtazamaji halioni. Asilolisikia, mtazamaji halisikii. Msimu ukibadilika, macho nayo hubadilika, na yule aliyekuwa mgeni wa pembeni katika msimu uliopita huwa ndiye mwenye nyumba katika huu.

Jambo la pili, lililokuwa geni zaidi, ni wakati. Vipande vifupi vya tamthilia vilitolewa katika tovuti yake saa ile ile ambayo mambo yake yalidhaniwa kutokea. Wahusika wakigombana siku ya Jumanne adhuhuri, kipande kilitolewa Jumanne adhuhuri. Wakiwa karamuni usiku wa manane, watazamaji nao walikesha. Siku ya Ijumaa vipande vya juma zima viliunganishwa kuwa sehemu moja. Baina ya vipande palitolewa ujumbe wa simu na picha za wahusika, kana kwamba ni watu walio hai, wenye simu zao mifukoni. Wala hapakuwa na ratiba iliyotangazwa, ili mtu ajue kipande kijacho kitatoka lini.

Kwa mwanaisimu jambo hili lina maana kubwa. Ngano zetu huenda kwa kiambishi -ka-: akaenda, akamkuta, akamwambia. Kiambishi hicho chadokeza kwamba mambo yamekwisha kutokea, na kwamba msimulizi ayajua tangu mwanzo hata mwisho. Watazamaji wa "Skam" hawakuwa na nafasi ya -ka-. Mazungumzo yao juu ya wahusika, tukiyatia katika Kiswahili, yangekuwa ya -na- na ya -me- na ya -ja-: anangoja, hajajibu, ameusoma ujumbe lakini amenyamaza. Hivi ndivyo tusemavyo juu ya ndugu aliye safarini, sivyo tusemavyo juu ya Sungura na Fisi.

Tena katika utambaji wa ngano msikilizaji ana sehemu yake. Huitikia, huuliza, huimba kibwagizo, na fanani hodari hurefusha au hufupisha kwa kadiri ya nyuso anazoziona mbele yake. Televisheni imezoea kuiondoa haki hiyo, kwa sababu mara nyingi sehemu zote huwa zimekwisha tengenezwa kabla ya ya kwanza kuonyeshwa. "Skam" iliirudisha haki hiyo nusu. Uandishi na upigaji wa picha zake ulikuwa karibu sana na siku ya kuonyeshwa, na watengenezaji waliyasoma maoni ya watazamaji msimu ukiendelea. Basi mtu akiamini kwamba anasikika, lawama yake hubadilika tabia. Haiwi tena manung'uniko ya mtu aliyekaa peke yake gizani, bali huwa maneno ya mtu aongeaye na mwenziwe.

Hata jina la tamthilia lataka maelezo. "Skam" ni aibu. Lakini mfasiri wa Kiswahili hawezi kuridhika upesi, maana sisi twatenga haya na aibu. Haya hukaa ndani ya mtu, humzuia kabla ya kutenda, nayo ni sifa njema. Aibu huja kutoka machoni pa watu, kasoro ikisha kujulikana. Na aibu ikitangazwa huwa fedheha. Katika msimu wa tatu Isak aogopa aibu: hataki ijulikane kwamba anampenda kijana mwenziwe wa kiume. Kwa Sana mambo ni kinyume. Hijabu yake na kujitenga kwake na ulevi ni haya kwa namna aijuavyo yeye na mama yake, lakini baadhi ya watu wa mjini humo huvitazama kama kwamba ni aibu, jambo la kuonewa huruma au la kuombewa radhi. Msimu wa nne wote umejengwa juu ya tofauti hiyo, na sijaona maelezo mafupi yanayoieleza vizuri zaidi kuliko hayo maneno mawili ya Kiswahili yakiwekwa pamoja.

Sana Bakkoush, aliyeigizwa na Iman Meskini, ni msichana Mwislamu wa Oslo ambaye wazazi wake wana asili ya Moroko. Katika misimu mitatu ya kwanza alikuwa mwenye ulimi mkali na akili nyingi, ambaye wenzake humwendea wakiwa na shida. Watazamaji wengi walimngoja. Katika msimu wake twamwona akichukuliana na saa za sala na karamu za marafiki. Twamwona akimpenda Yousef, rafiki wa kaka yake Elias, kisha akiambiwa na Yousef mwenyewe kwamba hana imani. Tena kuna shauri la basi. Katika Norwei wanafunzi wamalizao shule ya sekondari hufanya sherehe ndefu mpaka sikukuu ya taifa ya tarehe 17 Mei, na wengine huchanga fedha miaka miwili mapema ili wapate basi la kusherehekea. Nani aingie katika basi la nani, na nani aachwe nje, ni jambo liwezalo kuvunja urafiki, na Sana ahisi kwamba anasukumwa nje.

Msimu ulianza tarehe 10 Aprili 2017. Ramadhani ya mwaka huo ilianza mwishoni mwa mwezi wa Mei, na kwa kuwa tamthilia ilifuata kalenda ya kweli, Sana alifunga pamoja na waliokuwa wakifunga. Msomaji wa pwani yetu, azoeaye kufuturu karibu na saa kumi na mbili u nusu mwaka nenda mwaka rudi, na akumbuke kwamba katika Oslo mwezi wa Juni jua huchwa baada ya saa nne u nusu za usiku, nalo hutoka tena kabla ya saa kumi. Msichana Mwislamu wa Oslo au wa London aliweza kumtazama msichana wa televisheni mwenye njaa ile ile, saa ile ile. Mtu aliyepewa kitu kama hicho, kisha akaona kinanyang'anywa mkononi mwake, hatalaumu kwa upole.

Msimu ulipokuwa tayari kuanza, mwezi wa Aprili, Andem alitangaza kwamba huo ndio utakaokuwa wa mwisho. Hapa ndipo, kwa maoni yangu, penye mzizi wa ugomvi. Msimu mmoja ulitwishwa mizigo miwili: hadithi ya Sana, na kuwaaga wahusika wote. Wengi walilalamika kwamba msimu ulikuwa mfupi. Lalamiko hilo halina nguvu, kwani wa tatu nao ulikuwa na sehemu 10 kama wa nne, na hakuna aliyesema Isak amepunjwa. Shida haikuwa urefu wa kitambaa, bali ni watu wangapi walishonewa nguo kutoka kitambaa hicho. Huzuni ya Noora juu ya mpenzi wake William, na kurudi kwa William, zilichukua nafasi kubwa. Suala la imani ya Yousef, ambalo kwa Waislamu si dogo, halikumalizwa kwa maelezo ya kuwatosha wengi wao. Kisha, katika sehemu ya mwisho kabisa, kanuni yenyewe ikavunjwa: kamera ikaacha kumfuata Sana, vipande vikapewa macho ya wahusika wengine. Eva, Noora na Isak walimaliza misimu yao wakiwa wenye nyumba. Sana alimaliza wake akiwa kama mmoja wa wageni.

Sasa tuyatazame maneno. Kulalama ni kutoa sauti ya mtu aumiaye, naye huomba huruma zaidi kuliko haki. Kunung'unika ni kusema chini chini, bila ya kutazamia jibu. Kushutumu ni kumwelekea mtu kwa ukali, bila ya kujali kama urafiki utabaki. Kulaumu kuna sharti ambalo kamusi zetu hazilitaji ipasavyo: anayelaumu hudai kwamba yuko uhusiano baina yake na anayelaumiwa. Mtu hamlaumu mpita njia kwa kutomwalika arusini, humlaumu jirani. Na kudai ni jambo jingine tena, kwa maana dai lahitaji deni, na deni lahitaji mapatano.

Yote hayo yalikuwamo katika yale yaliyosemwa Juni 2017. Waliohuzunika kwamba tamthilia inakwisha, bila ya kujali inakwisha vipi, walilalama tu. Kilio chao kilikuwa cha kuaga, nacho hakikutaka jibu. Wengine waliwashutumu waigizaji, jambo lisilo na adabu wala maana, kwani mwigizaji hakuandika. Lakini sauti iliyosikika zaidi ilikuwa ile iliyosema, kwa Kiingereza kifupi, kwamba Sana alistahili kilicho bora.

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Kwa Kiingereza ni kamili. Kwa Kiswahili yaning'inia. Kiswahili hakina umbo la sifa lenye kulinganisha peke yake. Sisi husema "kuliko" au "zaidi ya", na msikilizaji hutazamia upande wa pili utajwe. Ukimwambia mzee wa Lamu au wa Bagamoyo kwamba fulani alistahili zaidi, atakuuliza: zaidi ya nini? Mwenye kulaumu kwa Kiingereza aweza kulikwepa swali hilo, na waliokuwa wakiitetea tamthilia walipata mwanya hapo hapo, wakajibu kwamba kila mtu hutaka kilicho bora kwa mhusika ampendaye, na kwamba hayo ni mapenzi tu. Lakini tukiijaza sentensi kama Kiswahili kitakavyo, twapata hivi: Sana alistahili kupewa kwa kadiri waliyopewa Eva, Noora na Isak. Hayo si mapenzi tena. Hilo ni dai, na mapatano yake ni ile kanuni ya macho ya mhusika mkuu, ambayo tamthilia yenyewe iliiweka na kuishika misimu mitatu. Wala neno bora halina kazi tena. Linalotakiwa ni usawa.

Yafaa kuongeza kwamba kitenzi -stahili katika Kiswahili hakiegemei upande mmoja. Mtu hustahili sifa, na hustahili adhabu. Labda ndiyo sababu wasemaji wetu, wakitaka kuonyesha kwamba jambo ni haki na si fadhili, hupenda kuongeza "haki yake". Sana alinyimwa haki yake: sentensi hii inasimama bila msaada wowote, nayo ni kali kuliko ile ya Kiingereza.

Lazima niutaje utetezi pia. Wapo waliosema kwamba Sana ndiye aliyekuwa akiwaunganisha wenzake, na kwa hiyo kuwaonyesha wote mwishoni ni kumtukuza. Wapo pia waliosema kwamba tamthilia iliyopendwa na watu wengi namna ile haikuweza kufunga mlango bila ya kuwapungia mkono wahusika wengine. Hoja hizi zina uzito wake. Hata hivyo Isak na wenzake wangeweza kuagwa kwa macho ya Sana, maana wote walikuwa marafiki zake na wote walifika katika nyumba moja siku ya mwisho. Kazi hiyo ilikuwa ngumu, lakini mtungaji huyu alikwisha kufanya ngumu kuliko hiyo. Mimi nawaunga mkono wenye dai.

Kipande cha mwisho chaitwa "Kjære Sana". Wahusika wamekusanyika nyumbani kwa Eva kusherehekea Idi, na Jonas asoma hotuba ya kumshukuru Sana mbele ya wote. Sasa mfasiri wa Kiswahili apata kitu ambacho Mnorwei hakukijua. "Kjære" ni neno la kuanzia barua, yaani "mpendwa". Jina la Sana ni la Kiarabu, nalo lina maana ya mng'aro. Halihusiani na neno letu "sana". Lakini tukifasiri jina la kipande neno kwa neno, twapata "Mpendwa Sana", na kwa sikio, ambalo halitambui herufi kubwa, hayo ni maneno mengine kabisa. Niliwapa wanafunzi wa darasa la tafsiri jina hilo bila ya maelezo, na karibu wote walidhani kwamba "sana" ni kielezi. Mmoja akauliza: aliyependwa sana ni nani, mbona hatajwi? Swali lake ni lile lile la waliolaumu. Katika hotuba ile Sana asifiwa kwa maneno mazuri, lakini yeye husikiliza. Wanaosema na wanaoonyeshwa ni wengine.

Juu ya lugha yenyewe ya tamthilia yapo mengi, nami nitagusa machache. Wanorwei ni watu wapatao milioni tano tu, na lugha yao haisomwi na wengi nje ya nchi. Hata hivyo watazamaji wa nchi nyingi walijifunza Kinorwei kidogo kidogo kwa ajili ya "Skam", na waliokijua walifasiri vipande kwa wenzao bila ya malipo, mara nyingi siku ile ile vilipotoka. Vijana wa Denmaki na wa Uswidi, ambao kwa desturi hupendelea kusema Kiingereza na jirani yao, walianza kuokota maneno kama "ass", lililofupishwa kutoka "altså", na "serr", lililofupishwa kutoka "seriøst". Mwezi wa Desemba 2016 tamthilia ilipewa tuzo ya lugha ya Shirika la Norden kwa sababu hiyo. Katika usemi wa vijana wa Oslo mna pia "wallah", ambalo msomaji wetu hahitaji kufasiriwa. Neno hilo limefika Oslo kwa njia ya wahamiaji wa karne iliyopita, nalo lilikuja kwetu kwa njia ya jahazi zamani sana. Lakini huko na huku limekuwa kiapo chepesi, kinachotamkwa hata pasipo na jambo la kuapia.

Limebaki swali la istilahi. Mtu apendaye tamthilia kwa bidii namna hii tumwiteje? "Mpenzi" latumika, nalo lina utata wake ujulikanao. "Shabiki" limeenea kwa sababu ya mpira, lakini shabiki ana upande wake dhidi ya upande mwingine, na katika tamthilia mara nyingi hapana timu mbili. "Mkereketwa" limetoka katika siasa, na asili yake ni kukereketa, yaani kuwashwa kooni. Nimelipuuza neno hilo kwa miaka mingi kwa sababu ya jasho la mikutano ya hadhara lililo ndani yake. Lakini laeleza vizuri hali ya mtu aliye na neno kooni ambalo hana budi kulitoa, na umbo lake la kutendwa laonyesha kwamba hakujichagulia kuwashwa. Kwa tamthilia ya kawaida natosheka na "mtazamaji". Kwa waliokesha wakimngoja Sana ale futari yake, mimi napendekeza "mkereketwa".

Baada ya mwaka 2017 tamthilia hii ilitungwa upya katika Ufaransa, Ujerumani, Italia, Hispania, Uholanzi, Ubelgiji na Marekani, na kila mahali lawama za Oslo zilikuwa zimekwisha kufika kabla ya watungaji. Mfaransa alimpa nafasi hiyo Imane, Mjerumani alimpa Amira, na misimu yao yote miwili ilitoka mwaka 2019. Waitaliani walitoa wao mwezi wa Mei 2020, nao walimshirikisha katika uandishi Sumaya Abdel Qader, mwandishi Mwislamu wa Milano. Hao hawakumbadili msichana jina. Alibaki Sana, ingawa katika Kitaliano neno hilo lina maana yake tayari, tena siyo ya Kiarabu wala ya Kiswahili: ni mwanamke mwenye afya.